Mazoezi ya Baridi Katika Bucha

Kijana huyu aliitwa Injinia kabla hajakalia hata kiti kimoja cha chuo. Jina alipewa na baba yake, mbele ya wateja, mkono mmoja wa mzee ukiwa bado ndani ya friji la watu. Baba mtu ni fundi wa mafriji, na si fundi wa kubahatisha. Ukimletea friji linalonguruma, huweka sikio ubavuni mwake, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Karakana yake iko barazani, mbele ya nyumba, kiasi kwamba mgeni anayetaka kuingia sebuleni lazima apenye katikati ya majokofu na kumwomba radhi mtu aliyelala chali sakafuni na tochi mdomoni.

Barua ya chuo ilitoka mji wa mbali, mji wa baridi, ambako mjomba wa kijana ameishi miaka ishirini na miwili. Fundi aliisoma mara tatu, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, kisha akatafuta brashi. Kibao cha karakana kilichokuwa kimeandikwa "Fundi Mafriji" kikawa "Baba Injinia, Mafriji ya Aina Zote". Rangi ilikauka kabla kijana hajajua kama anataka kwenda au hataki. Simsemi mzee wa watu vibaya. Hakuna aliyemuuliza kijana, na kijana mwenyewe hakujiuliza, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tisa na watu walikuwa wakimpigia makofi.

Kilichowahangaisha watu ni hiyo baridi. Mama alianza kukusanya soksi. Bibi, ambaye hajawahi kusema jambo kwa upole akiweza kulisema kwa ukali, alisema mtoto atarudishwa amelala ndani ya sanduku.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnanieleza mimi habari za baridi? Mimi?"

Na kweli, kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujivuna hapo, ni yeye. Chumba cha baridi cha bucha ya mtaa ule, kile kikubwa kinachohifadhi ng'ombe wazima waliotundikwa, kilikuwa mikononi mwake kwa miaka. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na yeye huingia humo na fulana, akafunga bomba lake, akatoka akipiga mluzi. Aliuliza huko ughaibuni baridi inafika wapi. Akaambiwa kumi na tano, ikizidi sana ishirini. Akawageukia watu wa nyumba yake kwa uso wa mtu aliyekwisha kushinda kesi.

"Hiyo ni bucha," alisema. "Mtoto anataka mazoezi tu."

Basi mwezi mzima kabla ya safari, siku tatu kwa wiki, Injinia alipelekwa bucha kufanya mazoezi ya baridi. Aliingizwa ndani na koti zito la mtumba, mlango ukafungwa, na nje akasimama mdogo wake akishika saa ya baba. Mdogo wake huyo ni wa kike, wa pekee, mwaka mmoja na nusu nyuma yake, na nyumbani wanamwita Spana. Alipokuwa mtoto ukimpa mwanasesere alimfungua viungo, ukimnyang'anya spana alilia mpaka akakosa pumzi. Sasa ni msichana mzima na bado hajabadilika, ila tu anafungua kompresa.

Siku ya kwanza Injinia alikaa dakika tano akatoka meno yakigongana. Wiki ya pili, ishirini. Humo ndani alihesabu mbavu za ng'ombe, akaruka ruka, akaimba. Siku ya mwisho alikaa dakika arobaini kamili, akatoka nyusi zimeingia weupe, akanyanyua mikono juu. Wateja wa nyama walishangilia. Mwenye bucha alimpa mfupa wa supu bure, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya. Fundi alimzungusha mwanawe mtaa mzima akimshika bega. "Baridi imemshindwa huyu," alisema kwa kila aliyesimama, na kwa wengine ambao walikuwa wanapita zao tu.

Mjomba alimpokea vizuri. Ni kaka wa mama, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye kwenye simu alikuwa akisema "nasimamia jengo", na kule nyumbani kila mtu akamwona ofisini, na tai, na katibu wa kumletea chai. Injinia aligundua siku hiyo hiyo kwamba mjomba anasimamia jengo kwa ufagio. Ni mtunza jengo la ghorofa saba. Anabadilisha balbu, anazibua mabomba, anatoa mapipa ya taka, na anaishi chini kabisa, ghorofa iliyozama ardhini, vyumba viwili ubavuni mwa boila linalopasha joto jengo zima. Dirisha ni moja, jembamba, juu karibu na dari, na nje yake ni njia ya watembea kwa miguu. Ukitazama unaona viatu. Kitanda cha Injinia kilikuwa cha kukunja, nyuma ya rafu ya makopo ya rangi.

"Pako hivi hivi," mjomba alisema, akiangalia pembeni. "Lakini pana joto. Wengine wanalipia joto."

Ulikuwa mwezi wa tisa. Nje palikuwa na ubaridi wa asubuhi wa kawaida, wa kuvaa sweta na kulivua saa nne. Jumapili ya kwanza, simu ya nyumbani ikiwa imewekwa spika na kulazwa juu ya friji la mteja ili wote wasikie, baba aliuliza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Haya Injinia, baridi?"

"Hamna kitu, baba," akajibu. "Bucha ni kali zaidi."

Kelele iliyopigwa upande wa pili ilimfanya mjomba anyanyue kichwa kutoka kwenye sahani. Fundi aliirudia sentensi hiyo kwa wiki tatu, kwa kila mwenye friji bovu. Nami nasema, kama kijana angeumwa jino siku hiyo akashindwa kusema, maisha yake yangekuwa mepesi zaidi.

Baridi yenyewe ilikuja mwezi wa kumi na moja, na ilipokuja haikuondoka. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyelifanyia mazoezi. Kule bucha alikuwa anavumilia huku akijua kwamba Spana yuko nje na saa, na kwamba nyuma ya mlango kuna jua na watu wanaobishana bei ya maini. Hapa alifungua mlango, akatoka, na nje ndiyo ilikuwa ndani. Alitembea mpaka kituo cha basi, baridi iko. Akashuka, iko. Siku ya pili, ya kumi, ya arobaini, iko. Saa kumi alasiri giza lilikuwa limekwisha kuingia, na mtu mwenye miaka kumi na tisa alijikuta anawaza kitanda wakati ambapo kwao watoto ndio kwanza wanatoka kucheza.

Halafu kulikuwa na theluji. Kwenye picha ni nzuri, sikatai. Lakini mtunza jengo haioni kwenye picha. Chumba kile Injinia alipewa bila kodi, ila kila alfajiri ilipoanguka theluji aliamka na mjomba, wakashika mabeleshi, wakasafisha ngazi za mlangoni, njia nzima ya mbele, na kijia cha kwenda kwenye mapipa, kisha wakamwaga chumvi ya mawe ili pasigande. Yote yawe tayari saa moja, kabla wapangaji hawajatoka. Miaka ya nyuma bibi mmoja wa ghorofa ya tatu aliteleza akavunjika nyonga, na mjomba aliponea chupuchupu kufukuzwa kazi. Tangu hapo mjomba alipomwona mtu yeyote anashuka zile ngazi, alibana pumzi mpaka afike chini salama.

Ikifika saa mbili Injinia yuko kwenye ukumbi wa mihadhara na vijana mia mbili. Ukumbi una joto, viti ni laini, na yeye ameamka tangu saa kumi na moja. Mhadhiri aliandika ubaoni akiwapa mgongo, na kijana wetu alilala macho wazi, kalamu mkononi. Jaribio la kwanza la hisabati alipata thelathini na moja kwa mia. La pili, ishirini na nane. Nyumbani alikuwa wa kwanza darasani tangu anaanza kuvaa kaptura. Aliikunja karatasi mara nne akaiweka ndani ya soksi za mama ambazo hazikuwa zinatosha kuzuia baridi, walau zizuie aibu.

Upweke nao ulimjia. Ulikuwa ni upweke wa kukosa mtu wa kumwambia "habari za asubuhi". Alimsalimia dereva wa basi mara mbili, dereva akamtazama akidhani anauliza nauli. Jumatano moja alikaa siku nzima bila kutoa neno, na jioni alipomgonga mtu begani akataka kuomba radhi, sauti ilitoka imekwaruza, naye akashtuka kana kwamba si yake.

Alikuwa amefungwa, kwa ufupi. Hakuna aliyemfunga. Pasi ya kusafiria ilikuwa kwenye droo na droo haina hata kufuli. Lakini kila Jumapili saa nane mchana simu ililia, ikalazwa juu ya friji, ikaanza ile safari ya salamu: mama, bibi, shangazi, jirani wa kushoto, mwenye bucha ambaye amepita tu, mteja ambaye hata hamfahamu. Wote wanamwita Injinia. Wote wanauliza, na wote anawajibu njema, salama, shwari. Muda ukaisha, akabaki na simu ya moto mkononi na maneno yake yote tumboni, hajayagusa.

Ilikuwa baada ya simu moja ya namna hiyo alipomvaa mjomba.

"Mjomba, wewe ulijua kulivyo. Miaka yote unawaambia kuzuri. Kwa nini hukuniambia?"

Mjomba alikuwa anakausha glavu kwenye bomba la boila. Hakugeuka.

"Niliwahi kusema," alisema. "Mwaka wa tatu. Marehemu kaka yangu mkubwa alitaka kumleta mwanawe. Nikamwambia, kaka, usimlete, huku ni taabu tupu. Unajua alinijibu nini? Alisema nimeshaula, sasa nawabania wenzangu. Choyo. Alikufa hatujasemezana."

"Lakini mimi si ningekuamini!"

"Wewe ungeniamini. Baba yako je, na kibao chake?" Akageuza glavu upande wa pili. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba: "Na tusidanganyane. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu."

Injinia alimkasirikia, akamwonea huruma, akamkasirikia tena kwa kumfanya aone huruma. Usiku huo walikula pamoja, na chakula kilikuwa kitamu.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa pili, maana ndicho kilichonifanya nisimulie habari zake.

Jumapili hiyo baba hakuuliza habari za baridi. Alianza moja kwa moja, sauti ikitetemeka kwa furaha. Spana amepata! Chuo kile kile, masomo yale yale, barua iko hapa mkononi. Fomu ya kukubali inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Atakaa na kaka yake kwa mjomba, chumba kipo, joto lipo, nini tena? Na mazoezi ameshaanza. "Wiki ya pili tu hii, yuko dakika thelathini na tano! Atakupita, Injinia, jihadhari!" Watu wakacheka. Spana mwenyewe alisikika kwa mbali akisema "salama, kaka", basi.

Kitu cha kwanza alichokihisi Injinia kilikuwa furaha. Lazima niseme ukweli huo maana yeye mwenyewe ameukiri. Moyo uliruka. Spana hapa! Spana kwenye basi, Spana kwenye ukumbi wa mihadhara akimpiga kiwiko asilale, Spana na beleshi akimcheka. Atakuwa na mtu wa kuongea naye kuanzia asubuhi mpaka jioni. Furaha hiyo ilidumu muda wa kuosha sahani mbili. Sahani ya tatu ilimkuta ameduwaa mbele ya maji yanayotiririka, kwa sababu alikumbuka ni nani mwingine aliyewahi kufurahi hivyo kwa kuletewa mtu. Nyuma yake mjomba, bila kuambiwa, alikuwa ameanza kushusha makopo ya rangi kwenye rafu kupata nafasi ya kitanda cha pili. Alikuwa anaimba.

Siku nne baadaye, katikati ya mchana, Spana alipiga simu mwenyewe. Injinia alikuwa kwenye ujia wa chuo, penye vigingi vya kutundikia makoti.

"Kaka, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Mimi niko nyuma ya bucha. Ndio nimetoka, vidole sivisikii. Arobaini na tano leo. Nimekupita."

"Hongera."

"Hongera ya nini? Sikiliza. Baba anataka nijaze fomu. Nimemwambia natafuta kalamu nzuri, lakini kalamu haitafutwi mwezi mzima. Huko kukoje? Usiniambie kama unavyowaambia kwenye spika. Niambie mimi."

Hapo ndipo alipokuwa na ulimwengu wake mkononi. Neno moja tu, "njoo", na Spana angekuja. Anamwamini. Injinia aliegemea ukuta katikati ya makoti ya watu, yamelowa, yananuka sufu. Alilitaka neno lile litoke. Lilikuwa mdomoni kabisa.

"Nimefeli hisabati," alisema badala yake. "Mara mbili. Mjomba hana ofisi, anafagia, na mimi namsaidia kuzoa theluji tangu alfajiri, halafu nalala darasani. Dirishani kwetu yanaonekana viatu tu. Siongei na mtu. Spana, kuna siku naongea na boila."

 Upande wa pili palisikika panga likikata mfupa, mara mbili, tatu.

"Sasa mbona hurudi?"

 Alikuwa na majibu ya kila mtu isipokuwa la huyu.

"Naona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya kile kibao."

Spana hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Mimi sitaki kuja," alisema. "Si baridi. Baridi naiweza. Nataka karakana. Mafriji ya siku hizi yana vibodi vya umeme ndani, baba haviwezi, mimi ndiye navifungua akishalala mchana. Wateja wawili sasa wanauliza mimi niko wapi, hawamuulizi yeye."

"Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema karakana ni ya watu waliokosa. Nikikataa mimi, nitakuwa mtoto asiyejua alichopewa, itakuwa kelele asubuhi na jioni, na mwisho nitakuja tu, wewe unamjua. Lakini ukikataa wewe..." Akasita. "Ukisema huwezi kunipokea, hana la kufanya. Mwenyeji wangu huko ni wewe."

"Unajua wataniita nini?"

"Najua. Najua nakuomba kitu kibaya, kaka."

Alikubali haraka, kabla roho haijamgeuka. Kisha akakaa palepale katikati ya makoti mpaka wenyewe walipotoka darasani na kumwomba asogee.

Jumapili aliomba salamu zisizunguke kwanza. Alisema ana neno na baba. Mjomba alikuwa mezani mbele yake, amemwekea chakula.

"Baba, Spana asije. Siwezi kumpokea."

Fundi alidhani ni mtandao unaokatika. "Hebu rudia."

"Nimesema asije. Nimekataa."

"Umekataa? Wewe? Chumba si kipo?"

"Chumba kipo. Ni mimi ndiye nimekataa. Mwambieni ni mimi."

"Lakini kwa nini?" Sauti ya mzee haikuwa ya hasira bado. Ilikuwa ya mtu anayetafuta hitilafu kwenye mashine anayoijua. "Baridi? Mwenzio ana dakika arobaini na tano! Wewe mwenyewe arobaini, nilikuona kwa macho yangu!"

"Baba, kule bucha mlango ulikuwa unafunguliwa. Wewe ukiingia kwenye chumba cha baridi unatoka. Mimi sijatoka tangu mwezi wa kumi na moja."

 Kwa sekunde moja Injinia aliona kama baba amemwelewa. Kumbe mzee alikuwa anatafuta mfano.

"Mjomba wako yuko huko miaka ishirini na miwili," alisema fundi. "Hatujamsikia hata siku moja akilalamika. Au naye anakataa? Yuko hapo? Mpe simu."

Injinia aliinyoosha simu kuvuka meza.  Mjomba aliitazama ile simu. Midomo yake ilifunguka. Ilikuwa imebaki shubiri moja tu kati ya simu na mdomo, na miaka yote ile ndani yake. Kisha akainuka, akasema hivi boila leo linatoa mlio asioufahamu, akatoka kwenda kulitazama. Halikuwa linatoa mlio wowote.

"Ametoka kidogo," Injinia akasema kwenye simu.

"Sawa," akajibu baba yake. "Nimeelewa. Umefika, umeona panakutosha wewe. Sikujua kama nimezaa mtu wa choyo." Na ikasikika simu ikiondolewa juu ya bati la friji, kisha haikusikika tena.

Mjomba alirudi. Alimsogezea kijana chakula chake, ambacho kilikuwa kimepoa, akasimama na kuanza kuyarudisha makopo ya rangi kwenye rafu, moja moja. Injinia alilia, na hakugeuka ukutani kulia. Wiki nzima iliyofuata alizoa theluji peke yake, kwa hiari yake, kwa sababu kazi ya beleshi angalau ilikuwa na mwisho. Ukifika kwenye mapipa umemaliza.

Jumapili nyingine saa nane simu haikulia. Ikafika saa nane na nusu. Alipiga yeye.

Ilipokelewa upesi, na haikuwa kwenye spika. Alikuwa mama, ameishika sikioni, anaongea chini chini. Alimuuliza kama anakula. Alimuuliza soksi. Alimwita mwanangu, mara mbili, na hakumwita jina lingine. Alisema fomu ya mdogo wake muda wake umepita, basi ndiyo yamekwisha, wasiyaongelee tena.

"Baba yupo, mama? Nimsalimie."

"Baba yako ametoka," mama alisema. "Ametoka tangu asubuhi."

Na nyuma ya sauti yake, karibu kabisa, barazani, Injinia alimsikia baba yake akisema: "Spana, shika hiyo tochi sawasawa. Haya, nionyeshe, hicho kibodi unakitoaje?"

 Injinia akasikiliza, ameikandamiza simu sikioni asikose neno. Mlio wa bisibisi ukasikika, kisha sauti ya msichana ikieleza jambo taratibu, na mzee akiitikia, ehe, ehe.

"Sawa, mama," alisema. "Akirudi, msalimie."